Vifungo Kumi na Viwili

Fundi cherehani huyu alijulikana mtaani kwake kwa jambo moja: alikuwa hasamehi nusu inchi. Ukimpelekea gauni lililoshonwa kwingine, alilipindua ndani nje, akafuata mshono kwa kidole, kisha akatoa hukumu. "Nusu inchi, shoga yangu, ndiyo inayotofautisha gauni na gunia." Wateja waliondoka hapo wakijitazama mgongoni kwenye vioo vya maduka.

Sasa mwanamke huyo, na miaka yake arobaini na sita, akajiandikisha kukimbia mita elfu tano uwanjani. Na kilichokuja kumponza, nyie, ni nusu.

Chanzo cha yote ni wifi yake. Walisoma darasa moja, kabla fundi hajaolewa na kaka yake. Siku ya michezo ya shule walipangwa mbio moja, na fundi akawa wa mwisho, tena wa mwisho wa kuonewa huruma. Mizunguko miwili kabla ya kumaliza, jukwaa zima likaanza kumcheka. Akatoka njiani, akaenda moja kwa moja kwenye bomba lililokuwa kando ya mstari wa kumalizia, akainama akanywa maji. Kiu hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa na aibu, na alihitaji mahali pa kuuficha uso.

Tangu hapo, kila ndugu wakikusanyika, wifi alisimulia. "Huyu tulianza naye mbio! Akasema ngoja nikanywe maji, mpaka leo hajarudi!" Watu walicheka wakashika mbavu. Fundi naye alicheka, maana ukinuna utaambiwa hujui utani, lakini roho ilimuuma. Miaka thelathini ilimuuma vilevile, haikupungua.

Ndiyo maana tangazo la mbio za waliotimiza miaka arobaini lilipobandikwa kwenye kibanda cha kunyolea cha mumewe, tena uwanja ni uleule, hakulala. Medali hakuitaka. Alitaka kuanza na kumaliza bila kukanyaga nje ya njia, ile hadithi ya maji ife izikwe. Miezi mitatu alifanya mazoezi alfajiri, mumewe akimfuata kwa baiskeli na kuchoka kabla yake.

Kilichomtia wasiwasi ni hesabu. Mizunguko kumi na miwili na nusu! Kibao cha pale uwanjani huwahesabia walio mbele, yeye wa nyuma atajuaje? Akatafuta njia ya kifundi: alishona mfuko kwenye bukta yake, akachukua vifungo kumi na viwili vya koti. Vyote atavishika mkono wa kushoto, na kila akipita mstari atatia kimoja mfukoni. Mkono ukibaki mtupu, kazi imekwisha.

"Na ile nusu?" mumewe aliuliza.

"Nusu unanifundisha wewe? Nusu tunaanza nayo, haina kifungo."

Siku ikafika. Wakapangwa upande wa pili wa uwanja, wanawake tisa, wifi akiwa katikati anarukaruka kama binti wa miaka ishirini. Bastola ikalia. Fundi akaondoka, na alipouona mstari kwa mara ya kwanza, nusu mzunguko tu tangu aanze, kiherehere kikamshika akatia kifungo mfukoni. Kifungo kile hakikuwa na haki ya kuingia mle. Hakushtuka, akaendelea na safari.

Alikimbia vizuri, tusimnyime haki yake. Pumzi ilimtii na miguu ilimtii. Wifi alipompita kwa mzunguko mzima alimpigia kelele, "Wifi, maji yapo pale!" Alipompita mara ya pili hakuwa na pumzi ya utani, akapunga mkono tu.

Wenzake wakaanza kumaliza mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake njiani. Mkononi kilibaki kifungo kimoja. Fundi akafungulia. Kila kitu alichokuwa amekiweka akiba alikimwaga kwenye mita mia za kuufikia mstari. Akapita mstari, akatia kifungo mfukoni, akasimama, akainua mikono yote miwili juu.

Kengele ikalia. Aliyeigonga ni mzee mwenye kofia ya jua, aliyekaa mezani kuhesabu mizunguko.

"Wa mwisho huo, mama! Twende!"

"Wa mwisho nini? Nimemaliza! Vifungo vimekwisha!"

"Habari za vifungo mimi sizijui. Bado mmoja."

Jukwaani mumewe alikuwa amesimama juu ya benchi. "Nusu, mke wangu! Ile nusu uliihesabu!"

Hapo akaelewa. Jukwaa lilikuwa linacheka, kicheko kilekile anachokijua. Alitaka kulia. Na hatua tano kutoka aliposimama lilikuwepo lile bomba, na safari hii kiu alikuwa nayo kwelikweli, koo limekauka mpaka ulimi unagoma. Mguu wake mmoja ulikwishanyanyuka kuelekea kwenye nyasi.

Kwenye bomba alikuwepo wifi, ameshamaliza, ameinama anakunywa. Akainua uso, akauona ule mguu. Kicheko alichokuwa nacho usoni kikamtoka. Akafunga koki kwa nguvu, akasimama mbele ya bomba na mikono kiunoni.

"Hapa hakuna maji!" alipaza sauti, maji yakimchuruzika kidevuni. "Yamekatika! Kimbia, wifi!"

Fundi akaushusha mguu ndani ya mstari, akakimbia. Ukiuita mwendo ule mbio utakuwa umempendelea, lakini kutembea hakutembea. Alipofika upande wa pili kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walikuwa wanapiga makofi, na wifi anakimbia kando kando kwenye nyasi, anafoka kama mwalimu wa zamu. Akapita mstari. Hakusimama.

"Umemaliza, mama!" mzee wa kengele akamwita.

"Una uhakika?"

"Kabisa! Unakwenda wapi sasa?"

"Naacha akiba ya pindo," alijibu, akaongeza hatua kumi nyingine ndipo akasimama.

Wifi akamshika mkono, akampeleka bombani, akamfungulia koki mwenyewe. Fundi akanywa, akanywa tena, akajimwagia kichwani. Mumewe alifika mbio mbio, anahema kuliko waliokimbia, akaanza kuuliza maswali matatu kwa mpigo.

Wifi akamzuia kwa kiganja.

"Tulia, kaka. Alikwenda kunywa maji. Amerudi."