Miguu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Niliitwa kwenye ile nyumba nikaambiwa kazi ni moja tu: kitanda cha zamani kikatwe, kigeuzwe rafu za vitabu. Aliyeniita alikuwa mke wa nyumba hiyo, dada anayetaka sebule yake ifanane na picha. Kochi la kijivu, zulia jeupe, meza ya kioo, ukutani hamna hata msumari. Pazuri, sikatai, ila ukiingia unaogopa hata kupumua.

Mimi wananiita Tisa. Kidole cha kumi nilikiacha kwenye msumeno zamani, nikijifanya kazi naijua.

Kitanda kilikuwa cha mama mkwe wake, aliyekwisha kuwekewa kingine chumbani. Siku tatu nyuma mama huyo alihamia hapo, baada ya kuanguka kwenye ngazi za nyumba alimokuwa akiishi peke yake. Nilimkuta amesimama, ameegemea ukuta. Mkoba wake ulikuwa bado mlangoni, zipu imefungwa.

"Kesho narudi kwangu," aliniambia, salamu haijaisha.

"Na zile ngazi, Mama?"

"Ngazi tunajuana."

Dada akanivuta jikoni. "Fundi, sijui nimemkosea nini. Tangu siku ya kwanza hajakaa tena kwenye kochi langu. Anakula amesimama kama askari wa zamu. Mume wangu anasema nimwache, atazoea. Akiondoka kesho, akaanguka tena huko, nitaiweka wapi sura yangu?"

Nilirudi sebuleni, nikakaa kwenye kochi niandike vipimo vya rafu. Kukaa ndiyo neno, lakini kwa kweli nilizama. Magoti yakanifika kifuani. Kuinuka ilibidi nigeuke ubavu, nishike meza, nigune. Pale ukutani mtu akacheka kwa pua.

"Na wewe limekumeza?" Mama akauliza.

"Limenimeza, Mama. Bado linatafuna."

"Mimi lilinimeza mbele ya wageni. Mwanangu akanivuta mikono miwili kama gunia. Nikasema basi."

Dada alikuwa kwenye mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi. Alisikia yote.

"Mama, si ungeniambia?"

"Nikuambieje? Kila asubuhi unalifuta vumbi kama mtoto mchanga."

Nikamwomba dada akae kwenye kochi na chai yake, kisha ainuke bila kushika kitu. Mara ya kwanza alirudi chini. Mara ya pili aliinuka yeye, chai ikabaki kwenye zulia.

"Sasa ongeza miaka arobaini na goti bovu, shemeji."

"Nyamaza, Tisa," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Nikatoa futi. Sikupima kochi, nilimpima Mama, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kisha nikakitazama kitanda: miguu minne ya mbao nyeusi, imekerezwa mafundo mafundo, imara kuliko mimi.

"Mama, nikikata hii nikaifunga chini ya kochi, utaniapiza?"

"Kata. Afadhali inibebe mimi kuliko vitabu."

Nilipima mara tatu kabla ya kukata. Mwenye vidole tisa haukimbilii msumeno. Nikaling'oa kochi vijiguu vyake vya chuma, vifupi kama dole gumba, nikalifunga ile miguu ya kitanda. Alasiri lilikuwa limesimama.

Dada alilizunguka, kichwa upande. "Linafanana na mtu aliyevaa suti mpya na viatu vya babu yake."

"Lakini anatembea," nikamjibu.

Mama akakaa. Akaweka mikono mapajani, akainuka mwenyewe. Akakaa tena, akainuka tena, haraka kidogo. Akaenda mlangoni, akauchukua mkoba.

Dada aliacha kusugua doa la chai.

Mama akauweka mkoba juu ya kochi, akafungua zipu, akatoa vitambaa vya kufuma, rangi ya chungwa na kijani. Akavipanga mgongoni mwa kochi kimoja kimoja, hadi sita. Sebule ya picha ikawa imekwisha habari yake.

Nilimwangalia dada. Alivitazama vyote sita. Kisha akasogea, akakinyoosha cha mwisho.

"Hiki kimepinda, Mama."

"Macho yangu hayo. Haya, nisaidie na nguo. Kabati liko wapi?"