Mihuri ya Kileleni

Nchi ya Utangulini haikuwa na dhahabu wala lulu, na haikuvililia vitu hivyo, kwa sababu watu wake walijaliwa elimu waliyoiona aula kuliko hazina zote: walijua nani alimtangulia nani. Nchi yenyewe ilikuwa mlima mmoja mpole, uliokaliwa toka juu mpaka chini. Juu kabisa palikuwa mtaa wa Kileleni, penye upepo na maua. Katikati mtaa wa Wastani. Na chini, penye joto na vumbi, mtaa wa Mwishoni. Kanuni ya nchi ilikuwa moja na nyepesi kukariri: aliye juu ndiye wa kale, na aliye wa kale hutangulia. Hutangulia kusalimiwa, kuketi, kula, na hata kuzikwa. Mwaka mmoja maiti wa Mwishoni alingojeshwa siku tatu, kwa kuwa mzee wa Kileleni alikuwa mahututi na isingekuwa adabu kumtangulia kaburini. Siku ya tatu mzee akapona, na wafiwa wakaambiwa washukuru kwa afya yake kisha wakazike.

Ushahidi wa ukale huo ulikuwa mihuri kumi na tisa. Kila nyumba kubwa ya Kileleni ilimiliki jiwe moja la duara, kubwa kama kisahani, lililosokotwa toka ukingoni hadi kitovuni kwa ustadi ambao fundi yeyote aliye hai asingeweza kuuiga. Ilisemekana kwamba Babu Awali, mtu wa kwanza duniani, aliyachonga mawe hayo kwa mkono wake akawagawia wanawe, na kwamba kabla yake hapakuwa na kitu isipokuwa kimya kilichokuwa kikimsubiri. Wenye mihuri waliivaa kifuani siku za sherehe, ingawa ilikuwa mizito na iliwaumiza shingo.

Maji nayo yaligawanywa kwa kanuni hiyohiyo. Chemchemi ilikuwa moja, na ilitoka Kileleni; wa juu walichota, wakaoga, wakamwagilia maua; wa Wastani wakapokea masazo; na Mwishoni wakapata tope lenye unyevu. Mwaka wa kisa hiki mvua iligoma, na hata lile tope likakatika. Watu wa Mwishoni wakaanza kufunga mizigo yao ili waihame nchi, na huko juu ikasemwa kwamba ni kawaida ya wageni kutodumu.

Mmoja hakufunga mzigo. Huyo alikuwa Kina binti Subira, mchimba visima, mwanamke wa makamo mwenye mikono migumu na maneno machache. Alichukua mtaimbo, akamweka mumewe, Radhi, kwenye roda ya kuvutia kapu la udongo, akachimba kisima kipana katikati ya mtaa, akichonga ngazi ukutani kwa kuzunguka, duru baada ya duru. Alichimba miezi saba. Alikuwa na tabia moja iliyomkera mumewe: kila alipokutana na jiwe lenye umbo, aliacha kazi akalitazama, akalifuta kwa upindo wa kanga, akalitazama tena.

"Mke wangu," Radhi alimwita siku moja toka juu, "watu wana kiu, nawe unachezea mawe."

"Sichezi, baba. Nasoma."

"Nani aliyekufundisha kusoma mawe?"

"Yenyewe. Yamepangwa vizuri kuliko vitabu vya Kadhi. Vuta kapu."

Radhi alivuta, na ndani ya kapu hilo palikuwa na mihuri ya Babu Awali, si mmoja wala miwili, bali kapu tele. Kesho yake yakaja makapu mengine matatu. Watoto wa Mwishoni wakaibiringisha barabarani, na mama mmoja akautumia mmoja kufunikia chungu cha mboga. Habari hizo zilipopanda mlima, kwa mara ya kwanza katika historia ya Utangulini kitu cha Mwishoni kiliwahi kufika.

Mwinyi Takaburi, mwenye muhuri wa kwanza kati ya kumi na tisa, alikwenda kushitaki siku ileile. Alidai kwamba Kina ameghushi mihuri ya nchi ili wa mwisho wajifanye wa kwanza. Na sheria ya kughushi ilikuwa wazi: mkosaji ahamishwe, na kisima chake kifukiwe. Kazi ikasimamishwa siku kumi ili shauri lisikilizwe. Katika siku hizo Kina hakulala vizuri. Uhamisho haukumtisha sana, kwani mtaa mzima ungehama naye. Kilichomuuma ni kisima: aliamini kwamba maji yapo, pengine mikono michache tu chini ya ngazi ya mwisho, na kwamba yatafukiwa na watu ambao hawakuwahi hata kuinama kuyatazama.

Siku ya kumi Kadhi Insafu aliteremka Mwishoni na baraza lake. Alikuwa mzee mwembamba, mpole wa sauti, aliyekuwa na kasoro moja isiyomfaa mtu wa cheo katika nchi ile: alipenda kuuliza.

"Binti Subira," alisema, "je, uliyachonga mawe haya?"

"Kadhi, mimi nina mtaimbo. Mtaimbo huvunja, hauchongi. Niliyakuta."

"Uongo mtupu," akasema Mwinyi Takaburi. "Babu Awali alikaa Kileleni. Kazi ya mkono wake itafikaje chini ya mashimo ya Mwishoni?"

"Hilo ni swali zuri," akajibu Kadhi, "na jawabu lake haliko hapa kivulini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tutashuka sote watatu, maana mshitaki na mshitakiwa huona vema wakiona pamoja."

Mwinyi Takaburi hakuwahi kushuka popote maishani mwake ila kitandani. Lakini kukataa mbele ya watu kungekuwa aibu, akakunja joho lake akafuata. Kina alitangulia na taa, na hapo mwenyewe akashtuka kidogo, kwa kuwa hakuwahi kumtangulia mtu.

Duru ya kwanza ilikuwa udongo mwekundu wenye vigae na majivu ya mafiga. "Hapa ni watu," alisema Kina. "Babu zetu wote, wa juu na wa chini."

"Wako katika kina gani?" akauliza Kadhi.

"Dhiraa moja na nusu. Chini ya hapo sijakuta kigae hata kimoja."

Mwinyi Takaburi alitazama chini, ambako giza liliendelea kwa dhiraa sitini na nne.

Katika mchanga uliofuata Kina aliwaonyesha mifupa ya farasi mdogo kama mbuzi, ambaye badala ya kwato moja alikuwa na vidole vitatu. Kisha ukaja mstari mwembamba wa majivu meusi, upana wa kidole. Juu yake hapakuwa na hata mfupa mmoja wa mijusi wakubwa, na chini yake ilijaa tele, ya mapaja ikiwa mirefu kuliko milango ya Kileleni. Na palepale, ndani ya jiwe jeupe la chokaa, ndipo mihuri ilipokuwa: mamia kwa mamia, mingine midogo kama kifungo, mingine mikubwa kama gurudumu, imelala kando ya makombe ya chaza.

"Ni wanyama, Mwinyi," alisema Kina kwa upole, maana alimwonea huruma. "Walikaa baharini na nyumba zao mgongoni, mfano wa konokono. Hakuna aliyewachonga. Walikufa, tope likawafunika, tope likawa jiwe."

"Bahari? Hapa?"

"Hapa, na Kileleni pia. Kuta za nyumba yako zimejaa chaza. Nilizikandika ujanani, nikaziona. Mlima wetu ulikuwa sakafu ya bahari kabla haujainuka. Aliye juu leo alikuwa chini, na katika kupangana kwa tabaka, la chini ndilo la kale."

Kadhi aliuliza ni muda gani ungehitajika. Kina alimweleza kwamba mafuriko ya masika huacha bondeni tope unene wa ukucha, na kwamba yeye, kwa umri wake wote, ameona liongezeke kiasi cha kiganja, tena tope bichi ambalo halijabanwa kuwa jiwe. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hiki kilikuwa mlima. Kadhi alijaribu kupiga hesabu kwa vidole, vikamwishia, akaamua kukaa ngazini apumzike.

Wakapita tabaka la makaa ya mawe, ambamo majani ya kangaga yalionekana kila mshipa, kana kwamba yalichumwa jana. Chini yake Kina akasimama, akasogeza taa ukutani. Palikuwa na samaki, mrefu kama mtu, na pezi lake limekunjuka. Ndani ya pezi mlikuwa na mfupa mmoja mnene, kisha miwili iliyolala sambamba, kisha mingi midogomidogo.

Mwinyi Takaburi alitazama kwa muda. Kisha, bila kuombwa, akapandisha mkono wa joho lake, akauweka mkono wake kando ya lile pezi. Akapapasa juu ya kiwiko: mfupa mmoja. Chini ya kiwiko: miwili. Kifundoni: mingi midogomidogo. Akarudia tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayehakiki wasia.

"Mkono huu ni wa kwetu," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Hasira ilimtoka, na badala yake likamjia jambo ambalo hakulitarajia humo shimoni, nalo ni furaha. Maisha yake yote alikuwa akilinda nasaba ya Babu Awali, akihofu isije ikakatika. Sasa alikuwa amepewa nasaba isiyo na mwanzo, bila kuvaa kitu shingoni.

Walifika sakafuni. Hapo jiwe lilikuwa la tabaka nyembamba zisizohesabika, zilizofutuka vilimavilima, na Kina akasema kwamba humo hakukuta mfupa, wala kombe, wala jani. Ni ukoga tu, ukoga juu ya ukoga, uliogeuka jiwe.

"Basi huyu ndiye wa kale kuliko wote," alisema Kadhi.

"Kati ya niliokutana nao, ndiye."

Kadhi alikuwa mtu wa sheria, na sheria ya nchi ilisema mkubwa husalimiwa kwanza. Akavua kilemba, akainama mbele ya lile jiwe, akasema, "Shikamoo." Akamtazama Mwinyi Takaburi. Mwinyi Takaburi akainama naye, akatoa shikamoo yake kwa adabu kamili. Jiwe halikuitikia marahaba, lakini wakubwa wengi hufanya hivyo.

Ni katika kuinama huko kidole cha Kadhi kilipopakaa kijani kibichi. "Binti, huu nao umegeuka jiwe?"

Kina alisogeza taa, na moyo ukampiga. Juu ya ukoga wa jiwe palikuwa na ukoga hai, mbichi, unaoteleza. "Siku kumi zilizopita haukuwapo," alisema. "Hauoti pakavu, Kadhi. Nakuomba unipe hukumu upesi, ama nifukie, ama nichimbe."

Kadhi akahukumu palepale, kwa sauti iliyopanda hadi kwa watu waliojazana ukingoni. "Kughushi ni kuiga kazi ya fundi. Mihuri hii haina fundi, kwa hiyo haighushiki. Mshitakiwa hana hatia, na kisima ni chake. Mshitaki ana neno?"

"Ninalo," alisema Mwinyi Takaburi. "Nani atamshikia taa?" Akaishika mwenyewe.

Kina alipiga mtaimbo mpaka adhuhuri ikapita. Mabamba ya jiwe yalifunguka moja baada ya jingine, Radhi akivuta na watu wa Wastani wakimsaidia, na katika pigo ambalo hakulitofautisha na mengine, mtaimbo ukazama hadi mkononi. Maji yakapanda, baridi, yakafunika vifundo vya miguu ya wote watatu.

Kata ya kwanza ya maji ilipovutwa juu, watu wote, wa Kileleni na wa Mwishoni, waligeuka kwa mazoea kumtazama Mwinyi Takaburi, aliyekuwa ametoka shimoni pamoja na Kina na Kadhi, mwenye matope hadi kifuani. Akapewa kata. Aliishika kwa mikono miwili, akaikagua ile foleni ndefu, akatafuta ndani yake wa kale na wa juzi, na kwa mara ya kwanza asiweze kuwatenga.

"Nani ana kiu zaidi?" akauliza.

Swali hilo lilikuwa geni nchini, na watu walichukua muda kulielewa. Kisha Kina binti Subira, wa mwisho katika mtaa wa mwisho, aliyepiga jiwe tangu asubuhi, akaona kwamba jawabu analijua. Akanyoosha mkono akaipokea kata, akanywa yote mbele yao, wala hakuona haya.