Onyango Hakurudi na Basi

Kucha za Charanjit zilikuwa safi. Hilo ndilo Truphosa aliloliona kwanza, kabla ya kilemba chake, kabla ya bahasha aliyoibana kwapani. Tangu alipomjua kwenye gereji ya Kisumu, kucha za fundi huyu zilikuwa na grisi isiyotoka hata kwa kusuguliwa na mchanga. Sasa zilikuwa nyeupe kama za mgonjwa. Truphosa akajua kwamba mtu huyu hajagusa injini kwa muda mrefu.

"Ingia, Kalasinga," Gertrude alisema, akimpisha mlangoni. "Baridi ya Small Heath haina adabu, haibishi hodi."

Gertrude alikuwa muuguzi hapo Birmingham, mtu wa Siaya, na Truphosa aliishi kwake akimlelea watoto. Asubuhi hiyo watoto walikuwa shuleni. Chai ilikuwa mezani, imeshaanza kufanya utando.

Wiki kadhaa nyuma ilikuja telegramu ya Charanjit: Onyango, kaka yake Truphosa, amefariki Nepal kwa homa, yeye atakuja kueleza. Hapakuwa na neno jingine. Tangu siku hiyo swali lilikuwa moja tu ndani ya nyumba ile: mwili uko wapi? Huko nyumbani mama yao alikuwa amekwisha kufyeka mahali pa kaburi, na kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimtoa nje.

Charanjit hakuanzia kwenye kifo. Alianzia njiani, kama mtu anayeogelea pembeni mwa maji asiyoyaamini. Yeye na Onyango walikuwa wameondoka Birmingham mwishoni mwa kiangazi hicho cha mwaka sabini na tano, wakipokezana usukani wa basi kuukuu, wamebeba vijana wa Kiingereza waliotaka kuona mahali patakatifu pa Wabudha, maziwa na mbuga za Nepal. Alitoa picha kwenye bahasha, akaziweka mezani mojamoja.

"Hapa ni Lumbini. Ndipo alipozaliwa Buddha."

Gertrude aliinama. "Mbona sioni kitu? Nguzo na bwawa tu."

"Wanasema mama yake alioga kwenye bwawa hilo, kisha akajifungua."

"Mkavuka dunia nzima kuona bwawa!"

"Hata Onyango alisema hivyo hivyo." Charanjit alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likafa. "Mbu walikuwa wengi pale. Niliwagawia wote vidonge. Yeye akavitia mfukoni. Akaniambia, 'Singh, mimi nimenyonya pamoja na mbu wa Kisumu. Hawa wa hapa ni watoto wa chekechea.' Basi lote likacheka."

Gertrude hakucheka. "Damu yake ilishasahau malaria," alisema polepole. "Miaka saba kwenye baridi hii! Alikuwa mwepesi kwa homa kama hao Wazungu wake. Hakuna aliyemwambia?"

"Nani angemwambia Onyango kitu?"

Kweli, nani? Onyango ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Truphosa alipotolewa shule darasa la tatu, Onyango ndiye aliyemtetea mbele ya wajomba. Alipoletwa Uingereza, Onyango ndiye aliyemjibia maswali uwanja wa ndege, na dukani, na hata kanisani. Truphosa alizoea kusimama nyuma ya mgongo wake mpana na kusema sawa.

Picha zikaendelea. Hili ni ziwa Phewa, kule Pokhara. Mlima wenye theluji umelala kichwa chini ndani ya maji, na kwenye kisiwa kidogo kuna hekalu. Onyango alikuwa pembeni, ameupa mlima kisogo, anaosha chujio la mafuta. Kisha Katmandu, kuba jeupe kubwa kuliko kanisa, na juu yake macho yaliyochorwa yanatazama pande zote.

"Hili watu hulizunguka wakiliacha upande wa kulia," Charanjit alieleza. "Yeye akaenda kinyume. Bibi mmoja akamshika kiwiko, akamgeuza kama mbuzi. Ndipo hapo mnapomwona anacheka."

Truphosa aliishika picha ile. Bibi mfupi mwenye vishada vya mvi alikuwa bado amemshika kaka yake mkono. Jua lilikuwa kali, watu wengine walikuwa na mashati mepesi, lakini Onyango alikuwa amevaa sweta na koti juu yake. Alikuwa anacheka huku anasikia baridi.

"Baadaye tukashuka Chitwan, kwenye mbuga ya vifaru. Alitamani sana kuwaona. Wageni walipopandishwa kwenye tembo, hakuweza hata kuinuka. Alilala kiti cha nyuma, meno yanagongana. Nikataka kumpeleka hospitali. Mto ulikuwa umejaa, kivuko kimesimama. Tuliketi ukingoni tukingoja maji yapungue. Hayakupungua."

Truphosa alifungua kinywa kuuliza, akageuka kumtazama Gertrude. Gertrude akamuulizia.

"Na mwili?"

Hapo Charanjit akaketi wima. Uso wake ukapata nuru kidogo, kama wa mtu aliyefika penye habari njema.

"Sikumwacha kwa wageni. Nilimwosha mwenyewe kwa mikono hii. Nikatafuta kuni nzuri, kavu. Nikamwashia moto mimi mwenyewe, kama nilivyomwashia baba yangu. Majivu nikayatia mtoni. Watu wa pale wanasema mto ule ni mtakatifu. Hakukosa kitu, dada yangu. Hakukosa kitu hata kimoja."

"Ulimchoma?" Gertrude aliuliza.

"Nilimsindikiza."

"Charanjit! Umekulia Kisumu, umekula matanga yetu. Ulituona lini tukichoma mtu? Sisi hata mwizi tunamzika!"

"Joto lilikuwa kali. Hapakuwa na barafu, hapakuwa na sanduku. Nilifikiri..." Akatazama kucha zake. "Alikuwa ndugu yangu pia."

Gertrude alizunguka chumba mara mbili, akarudi mezani, akaichukua picha ya Lumbini.

"Sikilizeni. Mimi nakwenda nyumbani Krismasi. Nitampa mama hii. Nitasema amezikwa hapa, kando ya nguzo, mahali alipozaliwa mtu wa Mungu. Mama hasomi, na Nepal haijui. Atalia, atatulia."

"Mimi nitaapa kwamba ndivyo," Charanjit alisema haraka.

Wote wawili wakamgeukia Truphosa, wakingoja aseme sawa.

Alikuwa akiiona siku moja ya utotoni. Jirani yao alikufa mbali, mwili wake usipatikane. Wazee wakakata tunda la yago, lile refu na zito kama mtoto, linaloning'inia kwa kamba yake mtini. Wakalifunika blanketi, wakalililia kama mtu, wakalizika badala yake. Usiku ule mke wa marehemu alilala kwa mara ya kwanza. Lakini yago huzikiwa yule tu ambaye mwili wake haupo, asiye na kaburi. Mama akiambiwa kaburi lipo, hakuna atakayekata yago. Onyango atabaki bila pa kulala, naye mama ataililia picha ya bwawa mpaka afe.

"Hapana," Truphosa alisema. "Mama aambiwe alichomwa."

"Itamuua!"

"Huenda. Lakini akijua, watamzikia Onyango yago. Akidanganywa, mwanawe hatazikiwa chochote."

Gertrude alimtazama kama anayemwona leo. Polepole akairudisha picha mezani, akaketi, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha nyumbani.

Charanjit aliinuka. Mlangoni akageuka, kilemba kikigusa fremu.

"Dada, nilifanya lile ninalolijua kuwa jema kuliko yote. Niambie hivyo tu, nipate kwenda."

Truphosa alimhurumia. Aliona jinsi alivyokonda. Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mtu aliyemzidi umri kwamba amemkosea. Siku zote Onyango ndiye aliyesema.

"Ulipata njia ya kuniletea telegramu kwamba amekufa," alisema. "Kabla ya kuwasha moto, hukuniuliza."

"Ningekuuliza vipi, Truphosa? Katika joto lile?"

"Sijui. Lakini alikuwa kaka yangu, na hukuniuliza."