Kifurushi Kilichoitwa Karamu

Febronia alikuwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Alikuwa Mtanzania wa Bukoba, mwaka wake wa tatu Kigali, na ofisi yao ya watu watano ilikuwa Gisimenti, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Kwa miezi mitano yeye na mwenzake Mutsinzi walikuwa wameandika programu ndogo inayomfuatilia mtu anapochora herufi kwa kidole kwenye kioo cha simu, na kumwambia kama ameanzia mahali pake na kama mstari umekwenda sawa. Waliiita Kalamu. Haikuwa ya kutumiwa peke yake. Ilikuwa kifurushi, kipande ambacho waandishi wengine wa programu wangekichukua na kukipachika katika kazi zao.

Ili wakipate, ilibidi kiwekwe kwenye ghala la mtandaoni. Kazi ya kukipeleka huko hufanywa na Gradle, chombo walichotumia kujengea programu zao zote. Unakiandikia katika faili: kifurushi kinaitwaje, ni toleo la ngapi, ndani kuna nini, kiende ghala gani. Kisha unatoa amri moja, nacho kinafunga na kupeleka. Mutsinzi ndiye aliyeandika faili hilo, Febronia akalipitia mstari kwa mstari na kuridhika. Jumatatu saa nne asubuhi amri ikatolewa. Kompyuta ikajibu kwamba imefaulu.

"Careen, chukua sasa," Febronia alimwambia mwenzao Mkenya aliyekaa karibu na dirisha. Kazi ya Careen ilikuwa kujaribu kila kitu kama mtu wa nje asiyejua lolote.

Careen akaandika mstari mmoja, akangoja. "Hakuna," alisema.

"Hakuna nini?"

"Naambiwa hakuna kifurushi kama hicho kwenye ghala."

Mutsinzi akasogeza kiti chake. Alizaliwa Kampala na kuja Kigali akiwa mdogo; Kiswahili alikiokota kwa marafiki zake wa Nyamirambo. "Iko," alisema. "Mimi nimeona imeenda kabisa. Iko, dada Febronia."

Wakaanza kutafuta. Anwani ya ghala ilikuwa sahihi. Nenosiri lilikubaliwa. Namba ya toleo ilikuwa ileile kwa Mutsinzi na kwa Careen. Febronia akafuta mabaki ya zamani kwenye kompyuta ya Careen, wakajaribu tena, jibu likawa lilelile. Mutsinzi alianza kukasirika, lakini Febronia alikuwa amevuta kiti mbele na kusahau chai yake. Kitu kilichopelekwa salama na bado hakijafika! Alitaka kujua kilikuwa wapi.

"Hebu nisomee jina ulivyoliandika," Careen alisema mwishowe. "Herufi kwa herufi."

Mutsinzi akasoma kwenye kioo. "K, a, r, a, m, u."

"R?"

"Karamu," Mutsinzi alisema. "Si ndivyo inaitwa?"

Careen akacheka. "Umetualika kula, bwana! Ya kuandikia ni kalamu. L."

Mutsinzi alilirudia neno kwa sauti ya chini, mara mbili, kama mtu anayeonja kitu. Masikio yake hayakusikia tofauti yoyote, na uso wake ukaonyesha kwamba ameona aibu. Febronia hakucheka. Alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni Dar es Salaam, wenzake walimtania muhula mzima kwa herufi hizohizo mbili, mpaka akajizoeza kuzitamka polepole. Na faili hili alikuwa amelisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Jicho lake lilipita juu ya ile r bila kushtuka.

"Na mimi sikuiona," alisema. "Kosa letu wawili."

Kulirekebisha jina hakukuwezekana, kwa sababu ghala halikubali kufuta wala kubadilisha kilichokwisha kuingia. Wakabadilisha herufi moja kwenye faili, wakatoa amri upya, na Careen akakipata Kalamu papo hapo.

"Ile nyingine tuiache," Mutsinzi alisema. "Hakuna mtu atajua."

Lakini Alhamisi Febronia alifungua ukurasa wa Karamu kwenye ghala, kutazama tu, akakuta kimechukuliwa mara tatu. Aliuliza ofisi nzima. Hakuna aliyekigusa. Basi nani alikwenda kwenye ghala la programu akatafuta karamu, na akaichukua? Alilibeba swali hilo mpaka nyumbani. Ijumaa akaandika kwenye ukurasa huo, sehemu ya maoni: "Wewe unayetumia kifurushi hiki, tafadhali tuandikie. Tungependa kukufahamu."

Jumanne barua pepe ikaja. Mwandishi alijitaja kuwa Kabagwira, mwalimu mstaafu. Alikuwa amejifunza kuandika programu baada ya kustaafu, na alihudhuria mkutano mmoja wa waandishi wa programu pale Remera ambapo kijana fulani alieleza kazi yao. Aliliandika jina kwenye daftari kama alivyolisikia. Sasa alikuwa anatengeneza programu ya kuwafundisha kusoma na kuandika mafundi cherehani wa Kimironko, akikijaribu kifurushi kwenye kompyuta tatu. Mwisho aliandika: "Kuna jambo moja silielewi. Mkipata nafasi, njooni mnionyeshe."

"Kijana fulani," Careen alisema, akimtazama Mutsinzi.

Mutsinzi alisoma barua ile hadi mwisho, kisha akarudi juu. "Tukizima ile, tumemharibia," alisema.

"Hatuwezi kuizima hata tukitaka," Febronia alisema. " Ila tukiboresha Kalamu, yeye atabaki nyuma peke yake."

Mutsinzi akazama katika maelezo ya Gradle, na kabla ya saa saba alikuwa amepata alichotaka. Ndani ya faili lilelile kuna mahali pa kuandika kwamba kifurushi kimehamia jina jingine. Ukipeleka toleo jipya la jina la zamani likiwa na taarifa hiyo tu, anayelichukua anaelekezwa kwenye jina jipya bila kupotea. Aliiandika mistari hiyo mwenyewe, akaisoma kwa sauti herufi moja moja, kisha akamwita Careen aisome naye.

Jumamosi asubuhi Febronia na Mutsinzi walikwenda Kimironko. Darasa lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, wanawake tisa, kila mmoja na simu yake.

"Shikamoo, mama," Febronia alisema.

"Marahaba!" Kabagwira alijibu, akafurahi. Alikuwa amekulia Karagwe. "Siku nyingi sijaamkiwa hivyo."

Walimbadilishia toleo, wakamweleza habari ya r na l, naye akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamshika Febronia mkono na kumpeleka kwa mama aliyekaa pembeni. "Huyu ni Mugeni. Herufi zake ni nzuri kuliko za wote. Lakini programu inamwambia amekosea kila anapochora mstari wa kukata t. Kwa nini?"

"Andika nione," Febronia alisema.

Mugeni akaandika. Herufi ilitoka safi, imenyooka, na simu ikaonyesha rangi nyekundu. Febronia akainama karibu zaidi. Mugeni alikuwa ameshika simu kwa mkono wa kulia, na kidole kilichoandika kilikuwa cha mkono wa kushoto. Mstari wa kukata t aliuvuta kutoka kulia kwenda kushoto.

"Mutsinzi," Febronia aliita, "sisi tulijaribu kwa mkono gani?"

Mutsinzi alitazama mikono yake. "Wote tunatumia wa kulia."

"Andika tena, dada," Febronia alimwambia Mugeni, akavuta kigoda na kukaa kando yake. "Polepole. Anza na a, twende mpaka mwisho."

Walikaa hapo mpaka darasa likaisha, Mugeni akichora, Febronia akiandika kila mstari ulikoanzia. Baada ya wiki mbili Kalamu ilipelekwa ghalani kwa toleo jipya, lililokubali pia mkono wa kushoto. Kwenye faili la maelezo, palipoulizwa walioshiriki kuitengeneza, Mutsinzi aliongeza majina mawili: Kabagwira na Mugeni.