Mashine ya Miguu ya Saruji

Jioni kabla ya chakula, fundi mwashi alichukua kijiko cha chai akamgonga mkewe miguuni, kama mtu anayejaribu kikombe asije akauziwa chenye ufa. Gotini, kimya. Chini ya goti, kimya. Katikati ya ugoko, ko! ko!

"Imepanda," alisema mke.

"Kidogo tu."

"Usinidanganye, mume wangu. Juzi ilikuwa kwenye kifundo. Naogopa."

Mke alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha nguo. Tangu msimamizi aondoe viti, kwa madai kwamba anayekaa husinzia, wapiga pasi walisimama kutwa, na sakafu ikaanza kuwapanda miguuni. Iliwaanza vidoleni. Haikuuma, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwenzake wa meza ya pili alikwisha kabisa mwaka jana. Sasa ni nguzo. Asubuhi wenzake humsalimia, kisha humtundikia mashati.

Siku ya mapumziko, mume na mke walikwenda dukani kutafuta mashine ya kukanda miguu. Muuzaji, binti mchangamfu aliyekuwa akitafuna jojo, alivitazama viatu vya mke, vilivyokatwa ubavuni ili miguu ienee.

"Saruji, siyo? Pole sana, dada. Siku hizi ndio wateja wangu." Akasukuma kando mashine ya kutetemeka. "Hii waachie watu wa maofisini. Wewe itakutekenya tu."

Kisha akawaonyesha beseni la umeme, lenye maji ya moto, mapovu na taa ya buluu. Mke alilipenda papo hapo.

"Hili hili. Ndiyo dawa yetu. Wapiga pasi sote tukirudi nyumbani tunaloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi. Hata yule mwenzangu tulimfundisha. Siku zake za mwisho aliloweka mpaka magotini, maskini."

Fundi mwashi aliyatazama yale mapovu. Kila siku kazini hushika mpira wa maji, akamwagilia zege jipya ili likomae. Nyumba za watu hakuzisahau hata mara moja. Na beseni la mkewe alikuwa akilijaza mwenyewe.

"Mke wangu," alisema taratibu, "saruji hunyweshwa maji ili ikaze."

Hofu ilimpiga mke, magoti yakamlegea. Chini ya magoti hakukulegea kitu, kwa hiyo hakuanguka.

Waliliacha beseni, wakachukua mashine nyingine ya magurudumu ya chuma, nzito, yenye kelele za kinu cha kusaga. Jioni hiyo vumbi la kijivu lilijaa kwenye gazeti walilotandika, na kidole gumba kikajikunja. Mke alicheka, akalia, kisha akaomba chai.

Kesho yake aliibeba mashine hadi kiwandani. Wakati wa chakula, wapiga pasi waliivuta mpaka kwa nguzo, wakaiwasha. Vumbi lilimwagika. Ndani ya vumbi kikatokea kidole kidogo cha mguu, rangi ya kucha ikiwa ile ile aliyoipenda. Kikatikisika.

"Ongeza, ongeza!" walisema.

Msimamizi alifika mbio. Kidole hakukiangalia. Aliangalia juu.

"Zimeni! Mna wazimu? Nguzo ya zamani tuliing'oa tukaongeza meza. Boriti yote imemkalia huyu!"

Waliangalia juu. Kweli, ilikuwa imemkalia kichwani. Wakazima. Mmoja alikifunika kile kidole kwa kipande cha flana kisipate baridi, wakarudi mezani, wakasimama.

Alasiri alikuja seremala na futi kamba. Alipima kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, upande ule dari lilikoanza kubonyea, akazunguka akiwatazama wapiga pasi mmoja mmoja. Kwa mke wa fundi mwashi alisimama, akainama, akaweka ncha ya futi kisiginoni pake.

"Samahani, dada," alisema kwa adabu. "Hebu vua kilemba, usimame wima."