Chapeo Nyembamba Kisogoni

Tarumbeta ya kuanza pambano ilikuwa imeshalia Ebbe alipogundua kwamba mdogo wake, Malthe, amebadilisha chapeo. Katika mchezo huu wa kupigana ndani ya deraya za chuma kama askari wa kale, waamuzi walikuwa wamekagua ile ya mashindano, nene pande zote. Sasa alikuwa amevaa ile aliyoifua mwenyewe majira yote ya baridi, akifuata vipimo vya chapeo ya kale iliyo kwenye jumba la makumbusho: usoni chuma kinene, kisogoni chembamba kama ganda la yai.

"Malthe! Toka!"

Sauti yake ikamezwa na kishindo cha watu watano kwa watano wakivaana ndani ya uzio.

Asubuhi walikuwa wamezozana juu ya chapeo hiyo, wakinywa kahawa nyuma ya ngome kulikofanyika mashindano.

"Watu walikwenda nayo vitani, wakarudi," Malthe alisema. "Hiyo ndoo yako ya kichwani ina nini cha kale?"

"Wao walipigwa kwa mbele, na walitembea nayo kutwa, lazima iwe nyepesi. Sisi tunapigana visogoni, bwana. Ndiyo mchezo wenyewe."

"Sema unaogopa."

Sasa, kupitia matundu ya macho ya chapeo yake, Ebbe aliona jitu la timu pinzani likizunguka nyuma ya Malthe na shoka la mpini mrefu. Shoka lilikuwa butu, lakini uzito ni uleule. Malthe alikuwa ameng'ang'aniana na mtu wa mbele yake, hana habari. Mwamuzi alikuwa amewapa mgongo.

Katika mchezo huo, aliyeanguka ametoka, haguswi tena. Ebbe akatupa ngao, akamvamia mdogo wake na kumpiga ngwala. Shoka likamshukia yeye begani. Wakaanguka pamoja, na watazamaji wakazomea.

Timu yao ikashindwa. Walipotoka nje, Malthe aliivua chapeo, akaivika juu ya nguzo ya uzio.

"Umetuaibisha! Sasa tazama!"

Akaipiga usoni kwa shoka lake, mara mbili. Shoka likateleza tu.

"Umeona?"

Ebbe, mkono mmoja ukining'inia, akaigeuza. "Haya. Na huku."

Malthe akapiga. Chuma kikapasuka, shoka likazama na kukwama.

Alijaribu kulichomoa, likagoma, akaliacha. Akamsogelea kaka yake, akaanza kufungua kamba za deraya begani, moja moja, bila kumtazama.

"Panauma?"

"Sana, mpumbavu wewe. Vuta polepole."