Tone Ndani ya Glavu

"Koleo, dada, koleo!" daktari wa meno alihimiza bila kugeuka, na ndipo msaidizi wake akafanya lile alilowakataza wenzake mpaka wakambandika jina la Mkono Mmoja. Sindano iliyotoka kwenye fizi za mgonjwa haifunikwi kwa mikono miwili. Kifuniko hulazwa kwenye trei, ukakichota kwa sindano yenyewe, na ule mkono mwingine ukae mbali kama mkwe mwenye haya. Ndivyo alivyofundisha, kwa kelele na vitisho. Leo kifuniko kilibingirika, akakidaka kwa mkono wa kushoto ili aifunike sindano upesi, nayo ikamwingia kidoleni.

Akampa daktari koleo. Jino likang'oka. Hakuna aliyeona kitu, hata mgonjwa mwenyewe, fundi mwashi wa mabega mapana aliyekuwa amefumba macho kama mtoto anayemwagiwa maji baridi.

Fundi alipotoka, msaidizi akavua glavu kwenye sinki. Tone moja tu la damu. Akafungua bomba, akaosha kwa sabuni bila kukikamua kidole, maana hilo nalo alilifundisha. Akinyamaza, jina lake litabaki salama. Akisema, wenzake watamcheka mpaka wachoke. Lakini nyumbani kulikuwa na mtoto anayenyonya, na jioni angelilia titi.

"Daktari, nimejichoma."

"Wewe? Mkono Mmoja?" Daktari alipomwona uso, kicheko kikamfia mdomoni. "Sindano ya nani?"

"Ya huyu aliyetoka sasa hivi."

"Mwahi. Tusipopima damu yake tutabaki kubahatisha. Mimi nawapigia simu maabara." Akasita kidogo. "Nilikuharakisha, dada. Samahani."

Msaidizi alimkuta fundi kwenye ngazi, shavu limemvimba, pamba mdomoni. Akamweleza yote, hakuficha neno. Fundi akakunja uso.

"Kwa hiyo mnanishuku," alisema kwa taabu, ganzi ikimlegeza midomo. "Nimekuja na jino, naondoka na ugonjwa?"

"Sikushuku, kaka. Kosa ni langu. Ukikataa, hakuna wa kukulazimisha. Ila nina mtoto ananyonya, na naogopa. Naogopa sana."

Fundi aliutazama mlango wa kutokea, kule chini.

"Mimi sijawahi kupima," akasema mwishowe. "Miaka yote nakwepa tu."

Msaidizi alisimama naye pale pale mpaka fundi alipouliza maabara iko wapi.

Walitolewa damu wote wawili, ya msaidizi ili ijulikane alikuwaje kabla ya kujichoma, wakaketi benchi moja, kila mmoja amekunja mkono juu ya kipande cha pamba. Msaidizi alikwisha kuambiwa kwamba zipo dawa za kuzuia maambukizi, za kuanza leo leo, ikibidi. Lile neno "ikibidi" halikumtoka kichwani.

"Mtoto wa kike au wa kiume?" fundi aliuliza.

"Wa kike. Ana meno mawili."

Fundi akajaribu kucheka, mdomo ukaenda upande.

Mlango ukafunguka. Mtaalamu wa maabara akachungulia. "Majibu tayari. Nianze na nani?"

"Na mimi," fundi alisema. Akainuka, akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, kisha akageuka, akamngojea msaidizi.